Simu mbili, namba zilezile kwenye boksi, moja nusu bei ya nyingine. Hivi tunalipia nini?

#1 Mtoto wa Mabatini
Wakuu salaam. Mdogo wangu kapangiwa chuo cha SAUT hapa Malimbe, Mwanza, mama katoa hela ya simu, kazi ya kuichagua nimeachiwa mimi. Leo nimepita Rwagasore yote nikaishia Makoroboi. Muuzaji mmoja kaniwekea boksi mbili mezani. Zote GB 128, zote RAM 8, zote betri 5000, zote kamera megapikseli 50. Moja ni ya hizi tunazoziita za Kichina, nyingine Samsung, na Samsung bei yake ni karibu mara mbili. Nikamuuliza tofauti iko wapi, akasema "jina tu hilo kaka, unalipia nembo."
Kama ni jina tu, mbona watu wenye akili zao bado wanalilipia? Na kama siyo jina, hawa wa bei chee wanapunguzia wapi? Nataka wajuzi, mashabiki mkae pembeni kwanza.

#2 Jiwe la Bismarck
Nimeweka kambi. Kahawa ipo, kashata zipo.

#3 Msukuma wa Town
Muuzaji kakwambia kweli tupu. Samsung alikuwa kifuani mwa Chelsea kuanzia 2005 mpaka 2015, na Olimpiki yuko nao tangu miaka ya tisini. Unadhani hela hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwako wewe unayenunua simu Makoroboi. Uzi ufungwe.

#4 Kijana wa Kirumba
Mkuu #3 usifunge uzi wa watu. Tecno nao waliingia Manchester City 2016, na AFCON ya Ivory Coast walikuwepo. Hapa mjini kwenyewe hesabu maduka yaliyopakwa rangi ya bluu kuanzia stendi mpaka Igoma halafu uniambie nani anatangaza zaidi. Ingekuwa matangazo ndiyo yanapandisha bei, Tecno ingeshinda iPhone kwa ughali.

#5 Fundi Koleo
Mleta mada, hizo namba nne ulizosoma ndizo walizotaka uzisome. Mimi nazifungua hizi simu kila siku, ngoja nikuambie ambazo hazijaandikwa kwa herufi kubwa.

RAM: geuza boksi usome chini kabisa, kwenye maandishi ya sisimizi. Za bei hiyo mara nyingi wanaandika 4+4. Nne ni RAM yenyewe, ile ya kuendeshea programu, nne zinakopwa kwenye nafasi ya kuhifadhia picha na mafaili. RAM ya kukopa ni ya polepole mno, ukifungua WhatsApp, ramani na redio kwa pamoja utaona kimoja kinajifunga chenyewe.

Memori: GB 128 na GB 128 hazilingani. Kuna aina inaitwa eMMC na kuna UFS. eMMC mwisho wake kwenye makaratasi ni kama megabaiti 400 kwa sekunde, na haiwezi kusoma na kuandika kwa wakati mmoja. UFS 2.2 inafika kama 1000, na inafanya yote mawili pamoja. Simu ikiwa mpya huoni kitu. Ikishajaa picha na video za vikundi vya familia ndipo unaanza kuona kioo kinaganda ukipokea simu.

Kioo: inchi zinaweza kulingana, ila moja ina nukta 720 kwa 1600 na nyingine 1080 kwa 2400. Piga hesabu, ya kwanza haifiki hata nusu ya nukta za ya pili.

Kamera: tundu moja ndilo la kazi. Yale mengine mawili, moja ni megapikseli 2, la tatu wakati mwingine ni sensa ya mwanga tu. Yamewekwa mgongo usionekane mtupu.

Na ukitaka kujua hela imekwenda wapi, kaa na mimi mezani nikifungua. Nyingi za bei chee mfuniko wa nyuma unabanduka kwa kijikadi cha plastiki, tak tak tak, klipu zinaachia. Ndani fremu ni plastiki, spika moja, mota ya mtetemo ile ya kuzunguka. Ya bei kubwa lazima uipashe moto kwanza gundi ilainike. Ndani unakuta fremu ya alumini, kila tundu la chaji na la laini limezungushiwa mpira mwembamba mweusi, juu ya prosesa kuna kibati cha kusambaza joto. Hivyo vyote vina bei, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa mbele ya boksi.

#6 Mhaya wa Kamanga
Fundi umemaliza. Ndiyo maana sisi wengine hatushuki chini ya iPhone.

#7 Jiwe la Bismarck
#6 tulijua utakuja tu. iPhone yenyewe ni ile 7 yenye ufa, na bando unaomba hotspoti.

#8 Kijana wa Malimbe
Fundi heshima yako, ila maelezo yako yanajibu nusu ya swali. Chukua Samsung A06. Prosesa yake ni Helio G85 ya MediaTek, kioo ni 720, memori ni eMMC. Yaani ni vitu vilevile vya simu za bei chee, prosesa hata kampuni ni ileile ya Taiwan inayowauzia Tecno na Infinix. Bado ukienda dukani Samsung hiyo iko juu kidogo kuliko mwenzake mwenye vitu sawa, na mwenzake anakuongezea kava na protekta ndani ya boksi.
Sasa hapo kwenye vitu sawa, ile nyongeza ni ya nini? Mimi nasema ni apdeti, yaani matoleo mapya ya Android na viraka vya usalama. Samsung walitangaza miaka 7 kwa S24, na hata A16 ya watu wa kawaida wakaahidi miaka 6. Kuna simu za bei chee zinatoka na Android moja zinakufa nayo hiyohiyo. Kumlipa mhandisi akae miaka 6 anaziba mianya ya simu uliyonunua mara moja ni gharama, na inaingizwa kwenye bei siku ya kwanza.

#9 Msukuma wa Town
Apdeti nani anazitaka? Mimi kila ikija naizima, inamaliza bando.

#10 Binti Igoma
#9 utazitaka siku programu ya benki ikikuandikia kwamba simu yako haitumiki tena. Yangu ilikuwa nzima, kioo kizima, betri nzima. Asubuhi nafungua nilipe mzigo, inaniambia toleo la Android ni la zamani. Fundi akanijibu hakuna la kufanya, kampuni haikuleta toleo jipya. Nikarudi kwenye menyu ya kubonyeza nyota na reli kama enzi za kitochi. Halafu nikanunua nyingine. Kwa hiyo ile "nafuu" nimeilipa mara mbili.

#11 Mvuvi wa Igombe
Habari zenu. Mimi nawaletea ya majini maana nyie wote mko nchi kavu.
Tunatega nyavu za sangara mbali, usiku, na siku hizi kila mtumbwi una mtu mwenye simu ya kuweka alama ya GPS pale nyavu zilipo. Nilinunua simu nzuri tu kwa bei yake, chaji inakaa siku mbili, tochi kali. Alama inashika vizuri. Shida ni mshale. Mtumbwi ukiwa umesimama, mshale unaangalia unakotaka wenyewe, mara Ukerewe, mara Bukoba. Lazima tuwashe injini tutembee kidogo ndipo ujue unaelekea wapi. Simu ya mwenzangu, Samsung ya zamani, anaizungusha mkononi na mshale unazunguka naye. Hiyo ni nini, fundi?
La pili ni maji. Zetu zikimwagikiwa tu tunazika.

#12 Fundi Koleo
Mvuvi, simu yako haina sensa ya dira. GPS inajua ulipo, haijui umeelekea wapi mpaka usogee. Ni kijichipu kidogo sana, ila ukitengeneza simu milioni kumi na kila moja ukatoa dira, ukatoa jairo ya kuhisi simu inavyogeuka, ukatoa NFC ya kulipia kwa kugusisha simu, umeokoa hela nyingi na mteja wa dukani hatauliza. Hivi vitatu ndivyo vinavyotolewa mwanzo.
Maji: ile alama ya IP68 maana yake, kwa Samsung, mita 1.5 kwa dakika 30, tena kwenye maji yasiyo na chumvi. Ile mipira niliyosema kule #5 ndiyo kazi yake, na kuna gharama ya kupima na kuthibitishwa. Simu za bei chee nyingi hazina alama, au zina IP54, hiyo ni matone ya mvua, usiende nayo ziwani ukajisifu.

#13 Jiwe la Bismarck
Mita 1.5 maji yasiyo na chumvi. Ziwa letu halina chumvi, masharti yametimia. Tatizo pale Igombe ikidondoka inapitiliza mita 1.5 kabla hujasema "mama wee".

#14 Mvuvi wa Igombe
Sisi tunafunga kwenye mfuko wa nailoni tunakaza na mpira wa tairi. IP68 ya Igombe hiyo.

#15 Binti Igoma
Mifuko ya nailoni imepigwa marufuku tangu 2019 baba, watu wa mazingira NEMC wakusome.

#16 Mwana Sengerema
Mnazunguka sana. Tecno ni kampuni ya Nigeria, Waafrika wenzetu, ndiyo maana wanatuuzia kwa bei ya undugu. Na kwa kuwa Infinix na itel ni washindani wao, wanashushiana bei. Ushindani tu, hakuna siri.

#17 Kijana wa Malimbe
Mkuu #16 hapana. Tecno, Infinix na itel baba yao mmoja, Transsion, makao makuu Shenzhen. Ilianzishwa 2006 na Zhu Zhaojiang, ambaye kabla ya hapo alikuwa akiuza simu za Bird, kampuni nyingine ya kwao China. Nigeria ni soko lao kubwa la mwanzo, na Ethiopia walifungua kiwanda cha kuunganisha simu 2011. Hisa zao ziko soko la Shanghai tangu 2019. Oraimo ya chaji na vipokea sauti ni yao, Carlcare ya matengenezo ni yao.
Kwa hiyo huo "ushindani" wa Tecno na Infinix ni mkono wa kulia na wa kushoto. Wananunua prosesa na vioo kwa pamoja, bodi zinafanana, wanabadilisha mfuniko na jina. Hapo ndipo unafuu mwingine ulipo: gharama ya kubuni inagawanywa kwa majina matatu.

#18 Mwana Sengerema
Sawa, ila Nigeria ndiko zilikoanzia kuvuma. Sijakosea sana.

#19 Mzee wa Nansio
Vijana hamjambo. Nimewasoma mpaka hapa. Mnazungumza kana kwamba bei ya chini ni dhambi, na kila mara mnatafuta kilichoibwa. Mimi nauliza kingine: wale wa majina makubwa walikuwa wanamtengenezea nani?
Sisi tuliokaa visiwani tunajua maisha ya laini mbili. Mtandao mmoja unashika Nansio mjini, mwingine unashika Ukara, na huko nyuma ulilazimika kubeba simu mbili au kufungua mfuniko kila saa kubadilisha laini. Simu ya laini mbili, mimi ya kwanza niliyoiona ilikuwa ya hawa hawa mnaowaita Wachina, wakati wenye majina wanatuletea ya laini moja. Betri vilevile. Umeme ulikuwa wa kubahatisha, mtu wa Ulaya hana shida hiyo.
Na kamera. Harusi ya binti yangu ilikuwa jioni. Simu za vijana waliotoka Dar, za ghali, zilituchukua meno na mashati, nyuso hakuna. Jirani yangu mwenye Tecno akatoa picha ninayoitambua hadi kovu la shavuni kwangu. Baadaye nikasoma kwamba hawa waliifundisha kamera yao kwa picha za watu weusi. Hilo siyo kupunguza, ni kujua unamuuzia nani. Unatoa asichohitaji, unaweka anachohitaji, bei inashuka na mteja anafurahi.

#20 Mhaya wa Kamanga
Shikamoo mzee. Hoja nzito, ila iPhone za sasa zinatoa ngozi vizuri tu.

#21 Mzee wa Nansio
Marahaba. Za sasa.

#22 Kijana wa Kirumba
Mzee kasema kweli ila kuna kitu hakuna aliyekigusa. Simu ya bei chee ukishainunua bado haijamaliza kukutoza. Washa mpya uone zilizojaa ndani kabla hujaweka yako: duka lao la programu, kivinjari chao, muziki, michezo, habari za udaku zinazochungulia pembeni. Kila moja kuna aliyelipa ikae hapo, au inaonyesha matangazo wao wanalipwa. Wanakuuzia mkono mmoja kwa faida ndogo, wanachuma kwa mwingine.
Xiaomi walitamka wazi 2018: faida yao kwenye vifaa haitazidi asilimia 5. Unadhani wanaishije? Huduma na matangazo.
Na kuna upande mbaya. Mwaka 2020 watafiti wa usalama waliripoti kwamba Tecno W2 zilikutwa na programu hasidi za Triada na xHelper zikiwa ndani tangu dukani, zinawaunga watu kwenye huduma za kulipia bila ruhusa. Kampuni ikasema ni msambazaji mmoja katikati. Inawezekana. Lakini ukibana bei kila hatua, kuna hatua mtu atajilipa kivyake.

#23 Msukuma wa Town
Samsung naye ana matangazo na duka lake, na Facebook inakuja imejaa humo humo. Msimwonee Mchina.

#24 Dada wa Buzuruga
Mimi ndiye shahidi wa #22. Nauza vitenge, simu yangu nikiifungua mbele ya mteja nimwonyeshe picha za mzigo, linaruka tangazo la kamari kubwa kioo kizima. Nahangaika kutafuta kile kialama cha kufunga, kiko kona kama chawa. Mteja ananiangalia.
Na mnaosema bei chee, wengine hatukuipata hiyo bei. Nilichukua kwa mkopo, ya kulipa kila siku, kampuni siitaji. Ukichelewa siku moja kioo kinafungwa, unaona tu namba za kulipia. Nilipomaliza nikajumlisha, nimelipa karibu simu mbili. Kwa hiyo kabla hamjauliza kwa nini simu hii ni nafuu, ulizeni ni nafuu kwa nani.

#25 Msukuma wa Town
Pole dada. Ila kwa hesabu hiyo ungeweka kwenye kibubu miezi michache ungechukua Samsung.

#26 Dada wa Buzuruga
Na hiyo miezi michache wateja wangenitumia oda kwa njiwa?

#27 Jiwe la Bismarck
Kula chuma hicho #25 😂

#28 Mwanasheria Uchwara
Naongeza maelezo mengine. Kila simu inayoshika 3G, 4G au 5G inatumia uvumbuzi wa watu: Qualcomm, Nokia, Ericsson, Huawei na wengine. Wenye hataza hizo wanataka ada kwa kila simu. Wenye majina makubwa wanalipa, au wanashtakiana mpaka wanapatana, Apple na Qualcomm walipatana 2019 baada ya vita ya kesi nchi kadhaa. Sasa 2024 Qualcomm hao hao waliwashtaki Transsion kule India, wakidai simu zao nyingi zinatumia uvumbuzi huo bila leseni. Kama madai yana ukweli, sehemu ya unafuu ni ada ambayo mwenzako analipa na wewe hulipi. Na siku wakilazimishwa kulipa kote, mtaona bei.

#29 Fundi Koleo
Hiyo ipo ila msiikuze. Ada haiwezi kufanya simu moja iwe nusu ya nyingine. Na kama mnataka kitendawili, hiki hapa: Samsung anajitengenezea memori, anajitengenezea vioo, vingine anawauzia Apple. Mwenye shamba na mashine ya kusaga ndiye angeuza unga rahisi. Mbona ndiye ghali?

#30 Kijana wa Malimbe
Kwa sababu kitengo cha vioo kinauza kwa bei ya soko hata kwa ndugu yake. Na yeye anagharamia utafiti wa vitu ambavyo havijatoka. Hawa wengine wanasubiri teknolojia ishuke bei ndipo wanaichukua. Ndiyo maana Tecno alitoa simu ya kukunja, Phantom V Fold, 2023, na Samsung alianza na Fold yake 2019. Aliyekuja nyuma kakuta bawaba zimeshavunjikia kwa wenzake. Na ndiyo, ilikuwa nafuu kuliko Fold.

#31 Duka la Pamba Road
Naona wanunuzi mnajadiliana, ngoja muuzaji aseme. Watu wanadhani bei yote inapangwa Shenzhen au Korea. Simu mpaka ifike Mwanza imepita Kariakoo, imepita basi au lori, kuna winga, kuna mimi. VAT asilimia 18. Mnakumbuka bajeti ya 2021/22 waliondoa VAT kwenye simu janja ili watu wengi wazipate? Mwaka uliofuata ikarudishwa. Kati hapo nani aliona bei imeshuka dukani? Hata mimi muuzaji sikuiona, niliyemnunulia aliniambia mzigo ni wa zamani.
Kitu kingine, hizi za bei chee mzunguko wake ni wa haraka. Boksi inaingia asubuhi jioni imetoka, naridhika na faida ya elfu kumi. Samsung kubwa inaweza kukaa kabatini mwezi, hela yangu imelala humo, lazima niweke zaidi. Sehemu ya tofauti uliyoiona Rwagasore ni yetu sisi, siyo ya kiwandani.

#32 Mtoto wa Mabatini
Elfu kumi? Mbona nilipoomba punguzo la elfu tano muuzaji alitaka kulia.

#33 Duka la Pamba Road
Kulia ni sehemu ya kazi.

#34 Mwana Sengerema
Muuzaji hajataja njia za panya. Zipo simu zinapita mipakani Sirari na Mutukula, zingine kwa boti usiku, hazijui VAT ni nini. Na feki zipo. TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, si walizizima zote 2015?

#35 Kijana wa Malimbe
Ilikuwa 2016, usiku wa tarehe 16 Juni. Waliozimiwa ni wenye IMEI bandia, ile namba ya utambulisho wa simu. Unabonyeza *#06#, unapata namba, unaituma 15090, wanakujibu ni simu gani. Wakikutajia aina tofauti na uliyoshika mkononi, rudisha mbio.
Ila tusichanganye mambo. Feki ni feki, Tecno halisi siyo feki. Hapa mjini bado kuna watu wakisema "simu ya Kichina" wanamaanisha feki, na iPhone zao nyingi zimeunganishwa China hiyohiyo.

#36 Mhaya wa Kamanga
Zimeunganishwa China, zimebuniwa California. Soma nyuma ya boksi.

#37 Mvuvi wa Igombe
Jamani nilikuwa majini. Fundi asante kwa dira. Kuna anayejua simu ya bei ya kawaida yenye hiyo sensa? Nikienda dukani nauliza "ina dira?" wananionyesha programu ya Qibla.

#38 Fundi Koleo
Pakua programu ya kupima sensa kwenye simu ya mwenzako yenye aina ileile, angalia kama kuna mstari wa magnetometa, ndiyo hiyo dira. Hakuna, usinunue. Duka hawatajua. Sangara wakoje wiki hii?

#39 Mvuvi wa Igombe
Wadogo. Bei ya bondo, kile kibofu cha ndani ya sangara, ndiyo inatushikilia, nyama yenyewe hailipi mafuta ya injini.

#40 Dada wa Buzuruga
Sato je? Sokoni Mwaloni jana nimekuta bei nimegeuka na kikapu changu.

#41 Jiwe la Bismarck
Uzi wa simu umefika Mwaloni. Nilijua.

#42 Mtoto wa Mabatini
Wakuu nimerudi dukani kusoma maandishi ya sisimizi ya #5. Kweli, ile ya bei chee ni 4+4. Ile Samsung nayo nimegeuza, RAM 8 yake ni yenyewe. Sasa muuzaji kaona nasoma sana kaniletea ya tatu: Samsung S20 iliyotumika, anasema imetoka Dubai, bei inakaribiana na ile ya bei chee. Ina kila kitu alichotaja fundi, alumini, IP68, memori UFS. Dogo mwenyewe kaishika hataki kuiachia. Mnasemaje?

#43 Fundi Koleo
Kwa vitu vya ndani S20 inazikanyaga zote mbili. Ila IP68 ya simu iliyowahi kufunguliwa usiihesabu, gundi ya kiwandani ikishatoka imetoka. Na kioo chake kikipasuka, oginali kinakaribia bei ya simu yenyewe. Ile ya bei chee kioo unapata hata Nyakato jioni hiyohiyo.

#44 Kijana wa Malimbe
S20 ilitoka 2020, ikaishia Android 13. Binti Igoma #10 kakuambia kinachofuata. Mnunulie mpya yenye ahadi ya miaka, hata kama ni ya chini. Chuo ni miaka mitatu.

#45 Binti Igoma
Android 13 bado benki zinaikubali lakini. Mimi yangu ilikuwa ya nyuma sana. Betri ndiyo ningeogopa.

#46 Msukuma wa Town
Mwachieni dogo S20. Pale Malimbe akitoa hiyo ya 4+4 darasani watamcheka.

#47 Mzee wa Nansio
Anakwenda kusoma au kuchekwa? Chukua inayokaa na chaji, hela inayobaki anunue kitabu.

#48 Fundi Koleo
Kama mmeamua S20, fungua picha nyeupe tupu kioo kizima ukaangalie kivuli cha kibodi au cha upau wa juu kilichoungua, vioo vya AMOLED kama chake, vikiwa vya mtumba, vina ugonjwa huo. Halafu iweke chaji dakika kumi dukani uishike mgongoni. Ikichemka sana wakati haifanyi chochote, huenda betri imebadilishwa na ya kuokoteza. Na *#06# kama #35 alivyosema, namba ilingane na ya boksi kama boksi lipo.

#49 Mtoto wa Mabatini
Boksi halipo. Anasema boksi zinabaki Dubai.

#50 Duka la Pamba Road
Njoo kwangu kesho, ninayo yenye boksi.

#51 Kijana wa Kirumba
Boksi la simu hiyo au boksi la simu nyingine?